Barua ya wazi: ombi la ukuta mmoja

Kwenu waheshimiwa madiwani, maofisa utamaduni, walimu wakuu na wote ambao ukuta wa umma hapa Moshi haupakwi rangi bila sahihi yenu.

YAH: OMBI LA UKUTA MMOJA USIOULIZWA MAANA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mchora mabango. Kazi hii nina miaka ishirini na sita nayo, mingi nimeila hapa karibu na Soko la Mbuyuni. Kama umewahi kunyolewa, kununua nyama au kupeleka suruali ikapunguzwe upande huu wa mji, huenda umesoma mwandiko wangu bila kujua. Siku hizi kazi imepungua kwa sababu ya mabango ya kuprinti. Kijana anakaa kwenye kompyuta, saa moja haijaisha bango limetoka, lina picha ya mama wa Kizungu anayechekea simu. Simlaumu, naye anatafuta ugali. Hilo si la barua hii.

La barua hii lilianza mwaka juzi katika shule moja ambayo sitaitaja. Niliitwa nichore ukuta wa nje wa darasa, ule unaotazamana na watoto wakiwa mstarini asubuhi. Maelekezo yalikuwa maneno matatu: "Chora mlima, fundi." Nikauliza mlima upi, wakacheka. Kwani hapa kuna mwingine zaidi ya Kilimanjaro?

Sasa, sisi tunaoamkia hapa tunajua kwamba kuna asubuhi mlima huo hauna miguu. Mawingu yanakaa katikati, yanafuta msitu wote, na juu yake, mahali ambapo mgeni hategemei kuona kitu zaidi ya anga, kinaning'inia kilele cheupe cha Kibo peke yake. Hakijashikwa na chochote. Unashusha mzigo, unatazama, unabeba tena mzigo wako unaendelea na safari. Binti yangu alipokuwa mdogo aliniuliza kwa nini hakianguki. Sikuwa na jibu, nikamwambia kimefungwa kamba.

Basi nikachora hivyo. Juu ya migomba nikakiweka Kibo hewani, na kutoka chini yake nikateremsha kamba ya katani hadi kwenye kigingi shambani, kwa fundo lilelile tunalofungia mbuzi. Kando ya kigingi nikamchora bibi kajitanda kanga, anakata majani ya ng'ombe, wala hatazami juu. Fundo lile lilinichukua nusu siku. Katani ina nyuzi, na kila uzi una upande wa mwanga na upande wa kivuli. Nilichanganya kahawia na njano iliyochafuliwa kidogo na nyeusi, nikatumia brashi ndogo niliyoipunguza nywele kwa wembe mpaka zikabaki chache za kuhesabika. Mvulana mmoja wa darasa la pili alikuja akagusa ukuta kwa kidole kuona kama kamba ni ya kweli. Kidole kikatoka na rangi. Hayo ndiyo malipo ninayoyakumbuka katika kazi ile.

Jumatatu nikaitwa kwenye kikao. Mmoja akasema mlima haufungwi kamba. Mwingine akataka kujua kamba ile ni ishara ya nini, na bibi yule ni nani. Wa tatu, mtu mzima ninayemheshimu, akasema kwa sauti ya chini kwamba watu wataona ni mambo ya kufunga baraka za wenzao. Nikaulizwa maana yake. Nikajibu kwa ukweli: haina maana, ni mlima umefungwa. Nadhani jibu hilo ndilo lililoniponza. Ningetunga uongo kidogo, niseme kamba ni umoja na kigingi ni elimu, picha ingekuwepo mpaka leo.

Jumamosi iliyofuata ilifutwa kwa rangi nyeupe, na kwa kuwa mkosaji ni mimi, ndoo ya rangi niliinunua mimi. Baadaye aliitwa fundi mwingine akachora ramani ya Tanzania. Ni nzuri, ila Mafia kaisahau.

Kijana mmoja wa mtaani kwetu aliyesomea sanaa aliponikuta nimenuna alinitolea simu yake. Akanionesha picha ya jiwe. Mwamba mkubwa kama kilima, juu yake kuna ngome ya mawe, na wote mzimamzima umeelea hewani juu ya bahari yenye mawimbi. Ilichorwa mwaka 1959, kimo chake mita mbili. Nilikaa juu ya ndoo. Sikuona wivu wala sikuona nimeibiwa. Niliona kama mtu aliyesingiziwa kichaa kisha akakutana na ndugu yake.

Ndugu huyo ni René Magritte, Mbelgiji, kazaliwa mji wa Lessines mwaka 1898. Nimetumia bando nyingi kumsoma, naomba mnivumilie niwasimulie, maana maisha yake yanatuhusu kuliko mnavyodhani.

Alipokuwa na miaka kumi na tatu mama yake alikufa maji katika mto Sambre. Akakua, akasoma chuo cha sanaa Brussels, mwaka 1922 akamwoa Georgette. Na chakula alikipata wapi? Alichora maua na michirizi katika kiwanda cha karatasi za kubandika ukutani. Baada ya hapo akachora matangazo: magari, makoti ya manyoya, majalada ya karatasi za nyimbo. Fundi kama mimi. Siku moja akaoneshwa nakala ya picha ya Mtaliano Giorgio de Chirico: glavu ya mpira imepigiliwa ukutani kando ya kichwa cha sanamu ya kale. Alisimulia baadaye kwamba machozi yalimtoka.

Mwaka 1927 alifanya onesho lake la kwanza Brussels, na wahakiki wakamponda. Akahamia Ufaransa, karibu na Paris, walikokuwa wale waliojiita wasurealisti. Mkuu wao, mshairi André Breton, alikuwa ametoa ilani yao mwaka 1924, akidai kwamba ndoto nazo ni sehemu ya ukweli na zisifungiwe usingizini. Huko Magritte alikaa miaka mitatu hivi, fedha zikakata, mwaka 1930 akarudi Brussels na kuanza tena kuchora matangazo pamoja na mdogo wake Paul, katika kibanda nyuma ya nyumba aliyopanga. Biashara yao waliiita Studio Dongo. Nilicheka peke yangu. Sijui kwao neno hilo lina maana gani, ila kwetu mtu aliyepondwa na wahakiki akiita ofisi yake Dongo, tunaelewana.

Hebu mfikirie mtu huyu. Mchana anachora matangazo, kazi ambazo mwenyewe aliziita za kijinga. Akipata nafasi anavaa suti na tai, anasimamisha kitegemeo chake cha turubai kwenye chumba cha kulia chakula, anachora. Hakuwa na studio ya maana. Picha nyingi zinazomfanya ajulikane dunia nzima alizichora pale karibu na meza ya kulia, na mkewe akitaka kuandaa chakula nadhani ilibidi asogee. Umaarufu ulimjia nywele zimeshabadilika rangi: onesho lake kubwa New York lilikuwa mwaka 1965, naye akafariki mwaka 1967. Baadaye nchi yake ilimweka kwenye noti ya faranga 500, na tangu mwaka 2009 Brussels ina makumbusho yenye jina lake. Novemba 2024 picha yake moja, inayoonesha nyumba usiku na taa ya barabarani inayowaka huku juu anga ni la mchana kweupe, iliuzwa New York kwa zaidi ya dola milioni 121. Kwa fedha yetu ni zaidi ya shilingi bilioni 300. Siwaambii ukuta wangu utaleta hizo. Na taa za barabarani zinazowaka mchana tunazo pia, ila hizo ni za fundi umeme.

Wengi wanaposikia wasurealisti humtaja Salvador Dalí, yule Mhispania wa masharubu yaliyosimama, na saa zake zilizolegea kama chapati zilizoanikwa. Picha hiyo ya mwaka 1931 ni ndogo, upana wake hauzidi sana daftari kubwa. Dalí ni fundi, sikatai. Lakini Dalí anakupigia kelele kwamba unaota. Magritte hapigi kelele, na ndiyo maana namtaka yeye.

Mkono wa Magritte ulibaki mkono wa mchora mabango. Tofaa lake ni tofaa, kofia ni kofia, wingu ni wingu. Brashi haionekani ilipopita, kama picha ya kitabu cha darasa la kwanza. Ujanja hauko kwenye kuchora kitu, uko kwenye kukiweka. Tofaa la kijani la kawaida kabisa, lakini limejaa chumba kizima mpaka limegusa dari. Kitana cha nywele kimesimama kitandani, kirefu kama kabati. Mwanamume wa suti amekaa mbele ya turubai, anatazama yai lililo mezani, na anachokichora si yai, ni ndege aliyekunjua mabawa. Treni ya moshi, ndogo, inachomoza kutoka ndani ya meko ya sebuleni bila reli, na juu yake saa ya mezani inaendelea na kazi zake. Hii ya treni ni ya mwaka 1938. Nikiitazama nakumbuka Desemba 2019, treni ya abiria ya Dar es Salaam iliporudi Moshi baada ya miaka mingi sana ya stesheni kukaa kimya, tulivyosimama kuitazama kama imetokea ndani ya ukuta.

Halafu ile ya kiko. Mwaka 1929 alichora kiko cha kuvutia tumbaku, kizuri, kinang'aa, na chini yake akaandika kwa hati ya mwalimu wa shule: hiki si kiko. Watu walimjia juu. Lakini jaribu kukijaza tumbaku! Ni rangi juu ya kitambaa. Kwa mtu anayechora mabango hilo si falsafa, ni maisha. Mimi nimechora chipsi na nyama choma kwa njaa tupu tumboni, mkono mmoja una brashi, mwingine umeshika ngazi, najua kuliko mtu yeyote kwamba ile si nyama choma.

Na tukisema ukweli, waheshimiwa, mabango yetu ya mkono yalishakuwa huko kabla hatujamjua Magritte. Kuna bango la bucha nililolichora mwenyewe, nalo halijazuiwa na mtu: ng'ombe mzima, mnene, anatabasamu, chini yake nimeandika NYAMA SAFI YA STEKI. Ng'ombe anatangaza biashara ya kuuzwa kwake kwa kilo, na anafurahi. Hakuna kikao kilichokaa. Kwenye bango la kinyozi nimechora vichwa sita bila shingo vimepangwa kama mayai kwenye trei, na watoto wanapita chini yake kila siku hawajaota vibaya. Inavyoelekea, kitu cha ajabu kikiwa kinauza kinaruhusiwa. Kisipouza chochote ndipo tunapoulizana maana.

Najua mtaniambia hiyo ni sanaa ya Wazungu, na watoto wetu wafundishwe ya kwao. Hapo naomba tusikimbilie. Mtoto gani wa Kiswahili hajategewa kitendawili? "Nyumba yangu haina mlango." Yai. "Kuku wangu katagia mwibani." Nanasi. Hebu chora kitendawili hicho kama kilivyo: kuku katulia katikati ya miiba, na chini yake nanasi badala ya yai. Tayari unaye Magritte, tena wa kwetu, na bibi zetu walikuwa nao jikoni kabla ile ilani ya Paris haijaandikwa. Au tazama kanga. Picha katikati ni korosho, pembeni maneno: Nilikudhani dhahabu kumbe adhabu. Korosho inahusiana nini na adhabu? Hakuna mama anayeuliza. Anavaa, anapita mlangoni kwa jirani, aliyelengwa anaelewa.

Wamakonde nao. Miaka ya 1950 Samaki Likankoa alianza kuchonga vinyago vya mashetani: jicho moja, mguu uliogeuka kuwa mkono, mdomo uliozunguka mpaka kisogoni. George Lilanga akayatoa mashetani hayo kwenye mpingo akayaweka kwenye rangi, yakawa mekundu na ya bluu, yana masikio makubwa, yanacheza, yanagombana. Picha zake zimeoneshwa Ulaya na Marekani. Edward Saidi Tingatinga alianza kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya silingibodi, akafa mwaka 1972 akiwa ndiyo kwanza ameanza kujulikana, na leo nusu ya wachoraji wa nchi hii wanakula kwa jina lake. Hakuna kati ya hao aliyeanza kwa kuandika maelezo ya maana na kuyapeleka ofisini.

Sasa tazameni tunachochora kaskazini hii. Shukeni kwenye basi Arusha, tembeeni hadi Mnara wa Saa, kabla hamjavuka barabara mtakuwa mmeshaoneshwa picha kumi zilizokunjwa: Wamasai wembamba kama vijiti vya kiberiti wamesimama mstari, jua jekundu nyuma, tembo, twiga, tembo. Kwetu Moshi ni hizohizo, mmeongezwa mlima. Siwacheki wenzangu, hata mimi nimechora tembo wengi kuliko waliopo Amboseli, na ada za shule zimelipwa na tembo hao. Ila mgeni anakaa siku mbili kabla ya kupanda mlima kwa njia ya Marangu au Machame, ananunua anachokitegemea, anaondoka nacho. Sisi tunaobaki tunachorewa nini? Nani anatuchorea sisi ile asubuhi ya mlima usio na miguu? Mgeni akiiona atadhani nimekosea, ila wewe wa Pasua au Kiborloni utasema, hapo kweli, juzi ulikuwa hivyo.

Kwa hiyo ombi langu ni ukuta mmoja. Wa soko, wa stendi, wa bohari, popote watu wanapopita kwa miguu, na uwe mahali mvua ya masika haiupigi moja kwa moja, maana rangi ya maji haisamehe. Mchoraji apewe kwa miezi kadhaa, kisha upakwe upya apewe mwingine. Matusi yasiwepo, vyama visiwepo, kukashifu dini ya mtu kusiwepo. Hayo tuandikishane kabisa. Mji wetu unasifika kwa usafi na mimi ni wa kwanza kujivunia, sitaacha makopo wala kudondosha rangi barabarani. Lakini baada ya hapo mchoraji asiitwe kuulizwa maana. Mwenye swali alipeleke kwa jirani yake pale pale ukutani, wabishane wawili wakingoja daladala. Magritte mwenyewe watu walihangaika kumfasiri, wengine wakimrudishia kila kitambaa na kila kivuli kwenye kifo cha mama yake, naye hakupenda kabisa tafsiri hizo. Alitaka utazame, ukwame kidogo, uende zako ukiwa umekwama.

Na kwa walimu wakuu nina la pembeni. Somo la sanaa lisiishie kunakili ramani na chungu. Siku moja mwambieni mtoto achore kitendawili, halafu msimsahihishe. Mtoto yule aliyegusa kamba yangu kwa kidole sasa yuko darasa la nne. Tulikutana sokoni na mama yake, akaniuliza kama mlima ulishafunguliwa. Nikamwambia bado, umepakwa tu rangi juu, chini yake upo na kamba yake ipo. Mama yake alinitazama vibaya, akamvuta mkono wakaenda kwenye ndizi.

Mkikubali, mtanipata palepale Mbuyuni, ulizeni fundi wa mabango. Rangi ninayo ya kuanzia, ndoo ile ya nyeupe ilibaki nusu. Ngazi nitaazima.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mchora mabango, Moshi